Nimealikwa Uganda kulea watoto wachanga wa kituo: niende?

Barua tatu za safari hii zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na zote zinahusu watoto wachanga wanaolelewa katika makao ya watoto. Tumezifupisha na kuondoa majina ya waandishi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu swali lake limekuwa likiletwa na vijana wengi.

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni binti wa miaka 23, mkazi wa Nyamagana, Mwanza. Nimehitimu diploma ya uuguzi na ukunga na kwa sasa ninasubiri ajira. Rafiki yangu ameniunganisha na wakala anayepeleka watu wa kujitolea katika kituo cha watoto yatima mjini Jinja, Uganda. Nitakaa huko wiki sita, kazi yangu ikiwa ni kuwalisha, kuwaogesha na kuwabembeleza watoto wenye umri wa kuanzia siku chache hadi miaka miwili. Wakala anataka dola 600 kwa ajili ya malazi, chakula na mchango wa kituo, na nauli ni juu yangu. Amesema ujuzi si lazima, kinachotakiwa ni upendo tu. Baba anaona nitapoteza fedha. Mama anasema hakuna sadaka kubwa kuliko kumbeba mtoto asiye na mama. Ninapenda watoto kwa dhati. Je, niende?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Moyo wako sina shaka nao. Shaka yangu iko kwa huyo aliyekuambia kwamba ujuzi si lazima. Katika kituo chochote cha kulea watoto, kichanga ndiye anayehitaji uangalizi wa kitaalamu kuliko wenzake wote, kwa sababu hawezi kusema kwamba maziwa yamemkaba, kwamba homa imempanda au kwamba mtu aliyemshika hajui kumshika. Anayemruhusu mgeni yeyote mwenye ada kuingia chumbani na kumbeba mtoto wa namna hiyo amefikiria ada kwanza, na mtoto baadaye.

Kwa jinsi safari yako ilivyopangwa sasa, jibu langu ni kwamba usiende. Nitakueleza sababu, kisha masharti ambayo yakitimizwa ningekubali uende.

Mtoto mchanga hushikamana na mtu mmoja, au watu wachache sana, ambao anawajua kwa harufu, kwa sauti na kwa namna wanavyomweka begani baada ya kunyonya. Anapolia na mtu yuleyule akaja, akalia tena na yuleyule akaja tena, ndipo anapoanza kuamini kwamba duniani kuna wa kumtegemea. Afikapo miezi sita au saba huwa ameshamtambua mtu wake, na akichukuliwa na mwingine hulia na kumnyooshea mikono. Kilio hicho ni dalili ya afya. Sasa mfikirie mtoto wa kituo. Walezi wake wanafanya kazi kwa zamu, kwa hiyo mchana ana mikono hii na usiku ana mikono mingine. Juu ya hao wanaongezwa wageni wa kujitolea, ambao kila mmoja anambeba kwa mahaba kwa majuma machache, anazoeleka, kisha anapanda basi na kuondoka, na wiki inayofuata anakuja mwingine mwenye harufu nyingine na nyimbo nyingine. Wewe utaagana naye mara moja tu. Yeye ataagwa na kila mgeni atakayepita hapo hadi siku atakapoondoka kituoni.

Katika miaka yangu ya kazi ya ustawi wa jamii nimeingia katika vyumba vingi vya watoto wa vituo, na kuna mambo mawili ambayo wageni huyasifu na ambayo mimi yalikuwa yakininyima usingizi. La kwanza ni ukimya. Unakuta vitanda vimepangwa ukutani, na katika kimoja amelala chali mtoto wa miezi mitano, nywele za kisogoni zimekatika kwa kulalia upande mmoja, chupa ya maziwa imeegemezwa juu ya khanga iliyokunjwa ili anywe bila kushikwa, naye macho yameganda darini. Mgeni husema, “Jamani, watoto wa hapa wapole!” Mtoto huyo si mpole, amelia siku nyingi bila mtu kuja kwa wakati, na sasa ameacha kulia. La pili ni watoto wa mwaka mmoja na nusu wanaomkimbilia kila anayeingia, wamrukie mapajani, wamwite mama, hata kama hawajapata kumwona. Mtoto aliyelelewa nyumbani, mgeni akipiga hodi, hujificha nyuma ya gauni la mama yake na kuchungulia kwanza. Anayemkumbatia kila apitaye hajapata wa kwake, na ndiye huyo ambaye picha zake hutumiwa kuwaita wageni wengine.

Usidhani haya ni maoni yangu peke yangu. Utawala wa dikteta Nicolae Ceaușescu ulipoanguka nchini Romania mwezi Desemba 1989, dunia iliona makumi ya maelfu ya watoto waliokuwa wamefungiwa katika vituo vya serikali, wengi wao wakiwa wamedumaa kimwili na kiakili ingawa chakula walikuwa wakipewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, ambapo baadhi, waliochaguliwa kwa kura, walipelekwa katika familia za malezi ya kambo, na wengine waliendelea na malezi ya kawaida ya vituoni. Waliopelekwa katika familia waliwazidi wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na walezi, na waliofaidika zaidi ni wale waliohamishwa kabla ya kufikia umri wa miaka miwili hivi. Angalia, binti yangu, kwamba umri huo ndio hasa umri wa watoto unaokwenda kuwabembeleza. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipopitisha miongozo ya malezi mbadala, ulieleza kwamba watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya familia. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja huo likaenda mbali zaidi na kuzitaka nchi zichukue hatua kuzuia madhara yanayotokana na utalii na kujitolea katika vituo vya yatima.

Lipo na jambo la fedha, ambalo baba yako amelihisi kwa upande wake. Kituo kinapoishi kwa ada za wageni, na wageni wanataka kubeba vichanga, kituo kinahitaji vichanga. Nchini Kambodia, kati ya mwaka 2005 na 2010, idadi ya vituo iliongezeka kwa asilimia 75 huku watalii nao wakiongezeka, na UNICEF ilipochunguza ikakuta kwamba zaidi ya robo tatu ya watoto waliokuwa wakiitwa yatima walikuwa na mzazi aliye hai. Majirani zetu wameshaliona tatizo hilo. Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto mwezi Novemba 2017, na Rwanda tangu mwaka 2013 imekuwa ikifunga vituo na kuwarudisha watoto katika familia. Jinja ni mji mzuri, wageni huufuata kwa ajili ya mto Nile unaotoka ziwani hapo, na mahali panapofuatwa na wageni wengi ndipo pa kuuliza maswali mengi.

Kwa hiyo muulize wakala maswali haya, na umwombe ayajibu kwa maandishi. Je, kituo kimeidhinishwa na Serikali ya Uganda, na kila mtoto aliyeko hapo ana amri ya mahakama iliyomweka? Afisa ustawi wa jamii wa wilaya anakijua? Ni watoto wangapi waliorudishwa kwa ndugu zao katika mwaka uliopita, na nani alifanya kazi ya kuwatafuta hao ndugu? Kila kichanga ana mlezi wake maalumu, au anayekuwa karibu ndiye anayembeba? Je, kituo kitadai kutoka kwako taarifa ya polisi ya kutokuwa na makosa, barua za wadhamini na vipimo vya afya, hasa kifua kikuu na homa ya ini? Kama hakitaki hata kimoja kati ya hivyo, basi fahamu kwamba hakikuvitaka pia kwa waliokutangulia, na huwajui ni akina nani. Ukijibiwa kwa picha za watoto wanaocheka, umeshajibiwa.

Majibu yakiwa ya kuridhisha, nenda, lakini omba kazi nyingine. Wewe ni muuguzi. Wiki sita hazitoshi kumlea mtoto, ila zinatosha kabisa kumfundisha mlezi. Keti na walezi wa zamu ya mchana, kisha wa zamu ya usiku, uwaonyeshe namna ya kuchanganya maziwa kwa usalama, kumlisha mtoto akiwa amepakatwa na anatazamwa usoni, kumbeulisha, kupima uzito na kuujaza katika kadi bila kubahatisha, na kuzitambua dalili za hatari: kupumua kwa shida, kukataa kunyonya, degedege, macho kubonyea kwa kuharisha. Fua nepi, safisha vikombe na chemsha maji, ili mlezi ambaye ndiye mtu wa mtoto huyo apate nusu saa zaidi ya kukaa naye. Mtoto akilia, mwite mlezi wake kabla hujamwinua wewe. Najua hilo la mwisho litakuuma, maana mikono yako itataka kufanya kile ilichozoea wodini. Na picha usipige.

Mambo ya njia nayapita kwa haraka. Uganda hutaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usisubiri mpaka wiki ya safari. Pasi yako iwe hai. Aidha, waulize Uhamiaji wa Uganda kuhusu kibali cha kujitolea kabla hujafika Mutukula, kwa kuwa kuingia nchini kama mgeni wa matembezi ni jambo moja, na kufanya kazi, hata isiyo na mshahara, ni jambo jingine.

Mama yako mwambie hivi kwa heshima: sadaka anayoisema ipo, na iko karibu. Dola 600 zinaweza kumnunulia kichanga mmoja maziwa ya kopo kwa miezi kadhaa, na mara nyingi maziwa hayo ndiyo yanayoamua kama mtoto atabaki na bibi yake au atapelekwa kituoni. Hapa Mwanza zimo hospitali zenye watoto njiti wanaohitaji kuwekwa kifuani ngozi kwa ngozi, na zipo familia zilizochukua watoto wa ndugu ambazo zingefurahi kutembelewa na muuguzi kila wiki. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, mweleze ujuzi ulio nao, umuulize ni nyumba ipi ungeanza nayo.

SWALI

Mama Mshauri, mimi ni mlezi katika makao ya watoto wadogo mkoani Mwanza. Tunapokea wageni kutoka Ulaya na Marekani, wengine wakikaa mwezi, wengine wiki mbili. Ni watu wema, lakini wakiondoka sisi ndio tunaobaki na watoto wasiolala. Yuko mmoja wa miezi kumi ambaye alikataa chakula siku tatu baada ya dada mmoja kuondoka. Nikisema, ninaambiwa kwamba fedha za wageni ndizo zinazotulipa mishahara. Nifanye nini bila kupoteza kazi?

JIBU

Dada yangu, wewe ndiye mtu ambaye mtoto huyo wa miezi kumi anamhitaji, na uchungu unaousikia ni sehemu ya kazi yako, si udhaifu. Unachokiona ni huzuni ya kweli. Mtoto wa umri huo huomboleza aliyempoteza, na kwa kuwa hana maneno, anaomboleza kwa tumbo na kwa usingizi.

Mwajiri wako usimwendee kwa hoja ya wageni ni wabaya, kwa sababu si kweli na hatakusikiliza. Mwendee na daftari. Kwa mwezi mmoja au miwili andika jina la mtoto, mgeni aliyemzoea, siku mgeni alipoondoka, na kilichofuata: alikula nini, alilala vipi, uzito wake katika kadi ulisemaje. Daftari la namna hiyo husomeka hata na mfadhili aliyeko ng'ambo, ambaye mara nyingi hajawahi kuambiwa. Kisha pendekeza jambo linaloweza kutekelezwa kesho bila senti kuongezwa: kila mlezi agawiwe watoto wake wachache, awe ndiye anayewalisha na kuwalaza kila zamu yake, wageni wapewe kazi za jikoni, bustani, ukarabati, hesabu na kufundisha wafanyakazi, na wanaotaka kucheza na watoto wacheze na wakubwa, mlezi akiwapo. Wageni wenye nia njema hukubali wakielezwa sababu. Ninajua vituo vilivyofanya hivyo na wafadhili hawakukimbia.

Kuhusu haki, makao yote ya watoto nchini yanapaswa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na yanakaguliwa na maafisa ustawi wa jamii. Afisa akija kukagua, una uhuru wa kumweleza unayoyaona. Mgeni anayejitolea naye anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi kinachohusu kujitolea. Viza ya matembezi haitoshi. Na ikiwa siku moja utaona jambo zito kuliko huzuni, kama vile mtu mzima anayetaka kuwa peke yake na mtoto mlango ukiwa umefungwa, usingoje daftari lijae: piga namba 116 siku hiyohiyo, ni bure.

SWALI

Salaam. Mimi ni mzee wa Ukerewe. Binti yangu alifariki wakati wa kujifungua na ametuachia mtoto wa kiume, sasa ana wiki tatu. Bibi yake anampa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Jirani anasema tumpeleke kituoni mjini, kwamba wageni hujitolea kuwalea vizuri, na huenda akapata wazungu wa kumchukua Ulaya. Baba wa mtoto ni mvuvi, yuko kambini na anamtaka mwanawe. Tufanyeje?

JIBU

Pole sana, mzee wangu, wewe na bibi. Mungu amrehemu binti yenu.

Jambo la leo, kabla ya yote, ni maziwa. Maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto wa wiki tatu. Mpelekeni kliniki haraka apimwe uzito na muulize kuhusu njia mbili. Ya kwanza ni ndugu anayenyonyesha, mama mdogo au shangazi, akubali kumnyonyesha baada ya kupimwa VVU. Ya pili ni maziwa ya kopo ya watoto wa umri wake, yakichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na maji yaliyochemka na kuachwa yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, ili yawe bado ya moto wakati wa kuchanganya. Kisha yapozwe hadi yawe vuguvugu, na yanywewe ndani ya saa mbili. Mnywesheni kwa kikombe kidogo kisafi, kwa sababu chupa na chuchu ni vigumu kuvisafisha vizuri nyumbani na huleta kuhara. Msipunguze unga ili kopo lidumu. Mtoto atashiba maji na kukonda. Kumtibu katika kituo cha afya cha Serikali ni bila malipo, kwani sera inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano.

Jirani yako anasema kwa huruma, ila ameambiwa vibaya. Mtoto huyu ana baba, ana babu, ana bibi. Kituo ni mahali pa mtoto aliyekosa wote hao, tena kwa muda, wakati familia inatafutwa. Wageni wanaojitolea huko hukaa majuma machache na kurudi kwao. Na habari ya kuchukuliwa Ulaya haiendi hivyo. Kuasili mtoto hufanywa kwa amri ya mahakama, na raia wa kigeni sharti awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo na awe amemlea mtoto huyo chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii. Mtu atakayewajia na ahadi ya kumchukua kwa njia nyingine, au na karatasi ya kutiwa dole gumba, msimpe mtoto. Mtu huyo mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji.

Baba wa mtoto aitwe kutoka kambini, aende pamoja nawe kwa afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Wilaya ya Ukerewe. Mseme waziwazi kwamba familia inamtaka mtoto wake na kinachopungua ni maziwa na nauli ya kliniki, kisha mwombe msaada wa kumtunza mtoto akiwa nyumbani. Ipo mipango mkoani inayosaidia kaya za namna hiyo, na afisa ndiye anayejua mlango wake. Mtakapokwenda, chukueni kadi ya kliniki ya mtoto na tangazo la kizazi mlilopewa hospitali. Waonyesheni nakala, na hati zenyewe zirudi nanyi nyumbani, kwa kuwa ndizo zitakazotumika kumwombea cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama yake.